Omba, Kisha Pima: Mwongozo kwa Mkristo Anayeongoza Shirika la Hisani

Kando ya mto Ahava, katika nchi ya Babeli, Ezra alitangaza mfungo. Alikuwa na msafara wa familia nzima nzima, watoto wadogo na mali nyingi, na mbele yao kulikuwa na safari ya karibu miezi minne katika njia yenye wanyang'anyi. Askari hakuwa nao. Aliona haya kumwomba mfalme Artashasta walinzi, maana alikwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Basi wakafunga, wakaomba.

Hapo ndipo wahubiri wetu wengi huishia. Lakini kisa kinaendelea. Ezra aliwatenga makuhani 12, akaleta mizani, akawapimia fedha, dhahabu na vyombo vilivyotolewa kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Fedha peke yake ilikuwa talanta 650. Walipofika Yerusalemu wakapumzika siku tatu, na siku ya nne mizani ikatolewa tena, safari hii mbele ya wapokeaji wanne waliotajwa kwa majina. Kila kitu kikahesabiwa, kikapimwa, na uzito wote ukaandikwa.

Mtu aliyeamini kwamba Mungu atamvusha jangwani bila askari hata mmoja hakuona kwamba utakatifu wa makuhani unatosha bila mizani. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Ni kwa ajili yako unayeongoza kituo cha watoto, zahanati ya kanisa, mradi wa wajane au mfuko wa ada za shule, na unayeomba kwa dhati. Nitakachokisisitiza tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba kiongozi anayeomba anapaswa kuwa mtu rahisi kuliko wote kuhojiwa na kukaguliwa. Ukiona maombi yako yanawafanya watu waogope kukuuliza, kuna kitu kimeharibika, na hakijaharibika kwao.

Kabla ya kikao na ndani ya kikao

Neno la hatari kuliko yote katika ofisi ya Kikristo ni hili: "Mungu amenionyesha." Likishatamkwa na mkurugenzi, kikao kimekwisha. Mjumbe gani atainua mkono apinge? Mhasibu anayejua kwamba akaunti ina mishahara ya miezi miwili tu atainamisha kichwa na kusema amina pamoja na wengine. Miezi michache baadaye mna kiwanja kilicholipiwa nusu, na muuzaji anapiga simu kila asubuhi.

Kama kweli umeliombea jambo na umepata amani, sema hivyo, kisha taja sababu kama mtu mwingine yeyote. "Nimeliombea, naona tununue, na sababu zangu ni tatu." Hapo wenzako wanaweza kuzipima sababu zako bila kujiona wanapingana na Mwenyezi Mungu. Mungu aliyekuonyesha wewe anaweza kumwonyesha na mweka hazina, na mara nyingi humwonyesha kupitia taarifa ya benki.

Watawa Wabenediktini waliofika Peramiho, kusini mwa Tanzania, mwaka 1898 walikuja na kanuni ya maisha iliyoandikwa katika karne ya 6. Ndani yake mna agizo ambalo bodi nyingi zingefaidika nalo: penye jambo zito, abati awaite watawa wote, awasikilize hadi walio wadogo, kwa kuwa Mungu mara nyingi humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Tumia hilo. Mwenyekiti asome pendekezo, mnyamaze dakika tatu mkiomba kimya, kisha aanze kusema aliye mgeni kuliko wote mezani, na wewe mkurugenzi useme mwisho. Ukianza wewe, wengine watakuwa wanatafuta maneno mazuri ya kukuunga mkono. Atakayekataa, kukataa kwake kuandikwe kwenye muhtasari pamoja na sababu. Kama jambo linahusu ardhi, gari au kumwachisha mtu kazi, msipige kura siku hiyo hiyo. Lilalieni kwanza.

Maombi yanayofungua na kufunga kikao yawe mafupi. Sala ya dakika kumi ambayo ndani yake mwombaji anamweleza Mungu kwa nini pendekezo lake ni zuri ni hotuba ya kampeni, na wajumbe wote wanaijua hata kama wamefumba macho.

Nehemia ni mwalimu mzuri wa uhusiano kati ya goti na kalamu. Alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, na alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye. Katikati alifunga na kuomba. Siku mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba kimoyomoyo palepale, kisha akafungua kinywa na kutoa kitu ambacho mfadhili yeyote wa leo angekitambua: muda atakaotumia, barua za kupitia kwa maliwali, na barua kwa Asafu mtunza msitu ili apewe miti, huku akieleza kila mti unakwenda wapi: malango, ukuta, nyumba yake. Miezi minne ya maombi ilizaa bajeti. Wewe ukitoka mlimani kuomba na hujui bado unahitaji magunia mangapi ya mahindi kwa muhula, rudi mezani ukaandike.

Malalamiko nayo yanahitaji neno. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakusema kwamba shetani ameinuka dhidi ya huduma. Waliita watu wote, wakakubali kwamba mgawo una kasoro, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Ukiyasoma majina ya hao saba utaona yote ni ya Kiyunani, yaani kazi ilikabidhiwa watu wa upande uliokuwa unalia. Hapo ndipo waliwaombea na kuwawekea mikono. Kwetu mlalamikaji huombewa kwanza, atulie, na mgawo unabaki kama ulivyokuwa.

Bahasha mlangoni mwa kanisa

Fedha ndiyo sehemu ndefu ya mwongozo huu kwa sababu ndiyo inayoangusha watu wengi, wakiwemo waombaji.

Chukua jambo linalotokea karibu kila Jumapili. Ibada imekwisha, unasalimiana na watu nje, mama mmoja anakuvuta pembeni na kukubandika bahasha iliyokunjwa mkononi. "Hii ya watoto, mtumishi. Mungu akubariki." Hajaandika kiasi, hataki jina lake litajwe, na kabla hujasema neno ameshageuka. Bahasha inaingia mfuko wa shati. Jumatatu unapita dukani kununua sabuni na mafuta ya kupikia ya kituo, unalipia humo humo. Hujaiba hata senti moja. Lakini hakuna binadamu duniani, ukiwemo wewe baada ya mwezi, atakayeweza kueleza fedha ile iliingia ngapi na ilikwenda wapi. Na mama yule siku akisikia maneno mtaani, hana kitu cha kukutetea nacho.

Tembea na kitabu cha risiti, hata Jumapili. Mwambie, "Shikamoo mama, tuhesabu pamoja nikuandikie." Akikataa jina, andika "Msamaria" na kiasi, mpe nakala. Kesho yake fedha yote iende benki kama ilivyo, na sabuni inunuliwe kwa fedha ya matumizi madogo iliyotolewa kwa hati ya malipo. Lipa namba iwe ya jina la shirika. Shirika ambalo michango yake inaingia kwenye simu ya mkurugenzi, au ya mke wake, halina akaunti, hata kama lina cheti cha usajili ukutani.

Watu wa imani humtaja sana George Müller wa Bristol, Mjerumani aliyefungua nyumba ya yatima huko Uingereza mwaka 1836, akajenga nyumba tano kubwa katika kilima cha Ashley Down kati ya 1849 na 1870, na kwa maisha yake yote akawa ametunza watoto zaidi ya 10,000. Humtaja kwa sababu hakumwomba mtu fedha wala hakukopa. Aliomba tu. Hayo ni kweli. Lakini mtu huyo huyo aliyepiga magoti alitoa risiti zenye namba kwa kila mchango, na kila mwaka alichapisha taarifa iliyoonyesha kilichoingia na kilichotoka, hata aliyetoa senti chache bila jina aweze kuitafuta namba yake na kuona mchango wake umeandikwa. Tunapenda magoti ya Müller. Vitabu vyake vya hesabu hatuvitaji.

Mtume Paulo alipobeba mchango wa makanisa kwenda kwa maskini wa Yerusalemu hakusafiri nao peke yake. Makanisa yalichagua watu wa kufuatana naye, na anaeleza wazi kwa Wakorintho kwamba alitaka kuepuka lawama, kwa kuwa anajali yaliyo mema machoni pa Bwana na machoni pa wanadamu pia. Paulo! Kama yeye alihitaji mashahidi, saini mbili benki si dharau kwako.

Kuna jaribu moja linalowanasa wacha Mungu kuliko wezi. Mfadhili ameleta fedha ya kuchimba kisima. Mishahara imechelewa. Unaomba, unajisikia kuwa na imani kwamba fedha nyingine itakuja kabla ya mwisho wa mwezi, basi unachota kwenye fedha ya kisima "kwa muda". Mara nyingi haiji. Fedha iliyotolewa kwa kazi moja ni amana, na kukopa amana bila ruhusa ya mwenyewe hakugeuki kuwa imani kwa kuliombea. Mpigie mfadhili simu, umweleze hali, uombe ruhusa kwa maandishi. Akikataa, mishahara isubiri na wewe uwaeleze wafanyakazi ukweli kwa tarakimu. Yakobo alikuwa mkali mara mbili hapa: kwa anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani ashibe bila kumpa kitu, na kwa anayezuia ujira wa wavunaji. Kuwaita wafanyakazi ambao hawajalipwa waje kwenye mfungo wa siku tatu wa kuombea fedha, wakati wamekwisha kufunga nyumbani kwa kukosa unga, ni ukatili uliovaa kanzu.

Na wewe lipwa. Najua wako wanaojivunia kuongoza bila mshahara, na Nehemia alikataa chakula cha uliwali kwa miaka 12 kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Lakini Nehemia alikuwa na meza yake iliyolisha watu zaidi ya 150 kila siku. Alikuwa na uwezo. Mkurugenzi asiye na mshahara wala kipato kingine huishia kula kwenye kituo, kuweka mafuta gari lake kwa fedha ya kituo, kulipa ada ya mwanawe kutoka kituoni, na yote hayo anayaona ni haki kwa kuwa "najitolea". Bodi ipange kiasi, kiandikwe, kikatwe kodi na michango ya hifadhi ya jamii, na baada ya hapo hata soda ya kituo uinunue.

Kumwomba Mungu na kuwaomba watu

Je, kiongozi wa imani aandike maombi ya ruzuku, aitishe harambee, au asubiri kama Müller? Swali hili limegawa watu. Rudi kwa Ezra na Nehemia: Ezra aliona haya kuomba askari kwa mfalme, Nehemia, chini ya Artashasta katika simulizi hiyo hiyo, alisafiri na maofisa wa jeshi na wapanda farasi, wala hakutubu. Wote wawili wanasema mkono wa Mungu ulikuwa mwema juu yao. Kwa hiyo usimhukumu mwenzako anayeandika barua hamsini kwa wafadhili, na yeye asikuone wewe mvivu.

Ila ukichagua njia ya kuomba watu, omba kama mtu anayeamini kwamba si tegemeo lake la mwisho. Usitie chumvi. Usiseme watoto watalala njaa kesho kama hawatalala njaa kesho. Usimwahidi mtoaji baraka za mara mia wala usimtishie laana. Kuuza baraka ili kununua magodoro ni biashara mbaya hata magodoro yakiwa mazuri. Müller mwishoni mwa 1841, hali ikiwa ngumu kabisa, aliahirisha kutoa taarifa yake ya mwaka ili isije ikaonekana ni njia ya kuomba fedha kwa mlango wa nyuma. Sikuambii ufanye vivyo hivyo, na sheria zetu haziruhusu kuchelewesha taarifa. Jifunze tu jinsi alivyokuwa akijichunguza nia.

Ombi la maombi si tangazo

Karibu kila shirika la Kikristo sasa lina kundi la WhatsApp la waombaji. Ni jambo jema, na ni mahali ambapo siri za maskini huvuja kuliko popote. Ujumbe huwa hivi: "Wapendwa, tumwombee mtoto wetu (jina), yupo darasa la tano, amepimwa leo ameonekana ana virusi, mama yake alifariki kwa ugonjwa huo huo. Bwana ni mponyaji." Picha imeambatishwa. Kabla ya jioni mwalimu wake ameisoma, na baba wa rafiki yake, na binamu aliye Dubai.

Aliyeandika alikuwa na machozi ya kweli. Lakini amemvua mtoto nguo hadharani. Tanzania ina Sheria ya Ukimwi ya 2008 inayolinda siri ya majibu ya kipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya ina ya kwake ya ulinzi wa data ya 2019. Hata pasingekuwa na sheria, Mungu hahitaji jina la ugonjwa ili asikie. "Tuwaombee watoto wawili wanaoanza matibabu, na wauguzi wao" inatosha kabisa. Weka kanuni kwa maandishi: kwenye kundi hakuna jina la mnufaika, ugonjwa, picha, kesi ya familia wala jina la kijiji. Mwenye kutaka kuombewa kwa jina aombe mwenyewe, na akiwa mtoto, isiwe kwa shinikizo la watu wazima wanaomzunguka.

Hali kadhalika ushuhuda. Mgeni amekuja kutoka ng'ambo, watoto wanapangwa mstari, mmoja anasukumwa mbele asimulie jinsi wazazi walivyokufa na jinsi Yesu alivyomleta kituoni. Usifanye hivyo. Mwimbe, mle pamoja, mgeni aone daftari la mahudhurio ya shule na aonyeshwe jiko. Historia ya mtoto si ada ya kumkaribisha mfadhili.

Pale ambapo kuomba peke yake ni dhambi

Hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu hapana mjadala. Mtoto akisema, au ukaona dalili, kwamba mtumishi wako amemdhuru, usimwite mtumishi huyo chumbani mkaombe, atubu, mfunike. Toba ni kati yake na Mungu. Usalama wa mtoto ni juu yako. Siku hiyo hiyo mtenganishe na watoto, mpeleke mtoto hospitali, toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii na polisi, dawati la jinsia na watoto. Namba 116 ya msaada kwa watoto inafanya kazi Tanzania na Kenya, bila malipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inakupa wajibu wa kutoa taarifa, cheo chako cha kanisa kisikudanganye. Kama mtuhumiwa ni mchungaji mwenzako, au mtoto wa askofu, soma upya aya hii. Mkikwisha kufanya hayo, ombeni sana, mtahitaji.

Wasioamini kama wewe

Mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na miji mingi ya bara, shirika la Kikristo lina mpishi Mwislamu, dereva Mwislamu, na nusu ya wanufaika ni Waislamu. Sala ya asubuhi ya wafanyakazi iwepo, lakini iwe ndani ya saa za kazi, isizidi robo saa, na asiyetaka kuhudhuria asiandikwe popote. Mahudhurio ya sala yakianza kuhesabiwa kwenye tathmini ya kazi, utapata wanafiki wanaowahi. Ramadhani ikifika, panga zamu ili mpishi na dereva wawahi futari kwao, kama wewe unavyotaka nafasi yako Ijumaa Kuu.

Kwa mnufaika, kanuni ni kali zaidi: unga hautolewi baada ya mahubiri, na mkopo hauulizi dhehebu. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada, yakiwemo Caritas, Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, yaliandaa pamoja na Msalaba Mwekundu kanuni za maadili zinazosema msaada haubagui kwa imani wala hautumiki kueneza msimamo wa kidini. Wako wanaoona hilo ni kumwonea haya Yesu. Wasome tena habari ya Msamaria: alimfunga mtu jeraha, akamlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kumalizia deni atakaporudi. Dini ya majeruhi haikuulizwa. Akikuuliza mtu kwa nini unafanya haya, mjibu bila kuficha. Akiomba umwombee, mwombee. Tofauti iko katika nani ameanza.

Wewe mwenyewe

Kazi hii inakausha. Unaanza kwa kuwapenda watoto, na baada ya miaka michache unajikuta unapenda ripoti zao. Kwa sala yako ya faragha nina mapendekezo machache tu, kila mtu ana mapokeo yake. Mwenye rozari ashike rozari, mwenye kuomba kwa sauti aombe.

Omba kwa majina, kutoka kwenye daftari la kituo, kurasa chache kila siku mpaka limalizike, kisha anza upya. Utashangaa ni majina mangapi huyajui tena. Ukifika kwenye jina usilolijua, sala ya siku hiyo imalizike kwa kwenda kumwona mwenye jina. Waombee pia wanaokusumbua: mkaguzi wa hesabu, afisa wa msajili, mjumbe anayeuliza maswali kila kikao. Ni vigumu kumchukia mtu unayemwombea aendelee kuwa macho.

Tafuta mtu mmoja wa kuomba naye ambaye humlipi mshahara na hakulipi. Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika walikuwa na desturi ya kukutana na kusemana ukweli, ndugu kwa ndugu, askofu akikaa benchi moja na mfagizi. Palikuwa na mapungufu, maana kukiri hadharani kulianika mengi yasiyostahili kuanikwa. Lakini kiongozi asiye na mtu wa kumuuliza "fedha zikoje, ndoa ikoje, unalala saa ngapi?" yuko peke yake hata akizungukwa na waombaji mia.

Elia alipochoka akatamani kufa chini ya mti, hakupewa maono kwanza. Alipewa mkate, maji na usingizi, mara mbili. Kwa hiyo chukua likizo yako yote ya mwaka, si nusu. Müller alimwandaa James Wright, aliyekuwa pia mkwewe, achukue kazi, na alipofariki mwaka 1898 nyumba za Ashley Down ziliendelea. Mashirika mengi ya kwetu hufa na mwanzilishi kwa sababu yeye peke yake ndiye ajuaye nywila ya benki, namba ya mfadhili na mahali hati ya kiwanja ilipo.

Basi kabla ya mwezi huu kwisha, kaa na mwenyekiti wa bodi muandike kwenye karatasi moja vitu vyote ambavyo shirika lingekwama navyo kama ungelazwa hospitali kesho. Msaini wote wawili, nakala moja ibaki kwake. Ndipo uende mfungo wako ukaombe, na simu uizime.